Native Dancer ya Wayne Shorter na Milton Nascimento: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila albamu hii inapotajwa mbele ya wapenzi wa jazi, maswali yaleyale hurudi: ni ya nani, ni bosa nova au siyo, mbona saksafoni inanyamaza muda mrefu, na ule wimbo wa kwanza unasema nini. Majibu yamepangwa kuanzia mambo ya mwanzo hadi yale yanayowasumbua waliokwisha kuisikiliza mara nyingi.

## Mambo ya mwanzo

Native Dancer ni albamu gani?

Ni albamu ya mpiga saksafoni Mmarekani Wayne Shorter, akiwa na mwimbaji na mtunzi wa Brazili, Milton Nascimento. Ilirekodiwa Los Angeles mwezi Septemba 1974 na kampuni ya Columbia ikaitoa mwaka 1975. Ina vipande 9 na inachukua zaidi kidogo ya dakika 40. Produza alikuwa Jim Price, mtu ambaye wapenzi wa roki wanamfahamu zaidi kama mpiga tarumbeta aliyezunguka na Rolling Stones.

Sasa ni ya Shorter au ya Milton?

Kwa mujibu wa jalada, ni ya Shorter, na Milton ametajwa kama mgeni mwalikwa. Ukiitafuta kwenye programu za muziki au kwa wauza santuri, anza na jina la Shorter.

Lakini hesabu nyimbo. Katika vipande 9, vitano ni tungo za Milton, vitatu ni vya Shorter na kimoja ni cha mpiga piano Herbie Hancock. Sauti ya kwanza kubaki kichwani mwako baada ya kusikiliza ni ya Milton, na wimbo unaofungua albamu ni wake. Kwa maoni yangu hii ni albamu ya watu wawili, na anayeiona kama albamu ya mpiga jazi aliyeongezea ladha kidogo ya Brazili ameikosa tangu mwanzo. Shorter alikwenda kwenye muziki wa Milton. Hakumwita Milton aje kupamba wa kwake.

Je, hii ni bosa nova?

Hapana, na hili ndilo kosa linalowafanya wengi waiweke chini baada ya dakika tano. Wanasubiri gitaa laini, mdundo wa samba uliotulizwa na sauti ya kunong'ona, kisha havitokei.

Bosa nova ilizaliwa Rio de Janeiro mwishoni mwa miaka ya 1950, mikononi mwa watu kama João Gilberto na Antônio Carlos Jobim. Ni muziki wa mji wa pwani. Milton alizaliwa Rio, lakini alilelewa Três Pontas, mji mdogo kusini mwa jimbo la Minas Gerais, jimbo lisilo na bahari. Minas ni nchi ya milima, migodi ya zamani, reli, na makanisa ya karne ya 18. Nyimbo za Milton zina mwendo wa kwaya ya kanisani, zina maandamano ya sikukuu za watakatifu, na zina mapenzi makubwa kwa Beatles ambayo yeye na wenzake hawakuwahi kuyaficha. Akordi zake huhama mahali ambapo sikio halikutarajia, kisha hutulia hapo bila haraka ya kurudi nyumbani.

Kwa hiyo usitafute samba. Utaisikia hapa na pale katika ala za kugonga za Airto Moreira, lakini mhimili wa albamu uko kwingine.

Mbona basi inawekwa kwenye jazi fyusheni?

Fyusheni ni jazi iliyochanganywa na roki na fanki, na albamu inawekwa humo kwa sababu ya ala na kwa sababu ya miaka yenyewe. Kuna piano ya umeme, kinanda cha ogani, gitaa la umeme, na katika Beauty and the Beast kuna mdundo wa fanki usio na shaka. Mwaka 1974 Shorter alikuwa bado Weather Report, mojawapo ya bendi zilizoupa mtindo huo sura yake.

Hata hivyo, ukilinganisha na fyusheni nyingine za wakati ule, hii ni ya upole. Mahavishnu Orchestra walikuwa wakipiga kwa kasi na kwa kishindo. Hapa hakuna mashindano ya vidole. Mtu anayekimbia fyusheni kwa sababu ya makelele anaweza kuipenda hii, na mtu anayeitafuta kwa ajili ya makelele atakata tamaa.

Nimekulia kwenye Morogoro Jazz na Nuta Jazz. Nitaikuta ladha hiyo?

Hapana. Zile zilikuwa bendi za dansi, na muziki wake ni wa magitaa na rumba. Native Dancer ni ya kukaa na kusikiliza.

Vipande vyenyewe ni vipi?

Upande wa kwanza wa santuri: Ponta de Areia, Beauty and the Beast, Tarde na Miracle of the Fishes. Upande wa pili: Diana, From the Lonely Afternoons, Ana Maria, Lilia na Joanna's Theme. Milton anasikika katika vile vyake vitano, yaani Ponta de Areia, Tarde, Miracle of the Fishes, From the Lonely Afternoons na Lilia. Angalia mpangilio: sauti ya binadamu na kipande cha ala hupokezana karibu albamu nzima, hivyo kila Milton anaponyamaza Shorter anabaki kulijaza pengo alilomwachia.

## Watu waliomo

Wayne Shorter alikuwa nani kabla ya hapa?

Alizaliwa Newark, New Jersey, mwaka 1933, akafariki Los Angeles Machi 2023. Mwaka 1959 alijiunga na Jazz Messengers, bendi ya mpiga ngoma Art Blakey, na akawa mtunzi wake mkuu. Mwaka 1964 alihamia kwa mpiga tarumbeta Miles Davis, na tungo zake ndizo zilizoipa ile bendi ya watu watano ya miaka ya 1960 sehemu kubwa ya tabia yake. Wakati huohuo alikuwa anatoa albamu zake kwenye kampuni ya Blue Note, Speak No Evil ikiwamo. Mwaka 1970 yeye, Joe Zawinul na Miroslav Vitouš wakaanzisha Weather Report.

Brazili haikuwa ngeni kwake. Kwenye albamu yake Super Nova ya 1969 aliweka Dindi, wimbo wa Jobim. Tofauti ni kwamba pale alikuwa akichukua wimbo mmoja na kuufanya wa kwake, na hapa akauingia muziki wote wa mtu mwingine.

Na Milton Nascimento?

Alizaliwa mwaka 1942. Alijulikana Brazili nzima mwaka 1967 wimbo wake Travessia uliposhika nafasi ya pili kwenye tamasha kubwa la nyimbo mjini Rio. Mwaka 1972 yeye na kijana Lô Borges walitoa pamoja albamu ya santuri mbili, Clube da Esquina, iliyobeba jina la kundi la marafiki waliokuwa wakikutana kwenye kona ya mtaa mjini Belo Horizonte. Ukitaka kuielewa Native Dancer kwa undani, ile ndiyo albamu ya kuisikiliza kwanza. Karibu kila kitu ambacho wasikilizaji wa Marekani walikiona kigeni mwaka 1975 kilikuwa tayari kimekomaa humo.

Sauti yake inahitaji maelezo. Huanzia chini, nzito kidogo na yenye joto, kisha hupanda mpaka kwenye falseto, ile sauti ya juu kabisa ya mwanamume, bila ya wewe kusikia mahali alipovuka. Juu kule haikondi. Ndiyo maana inaweza kukaa sako kwa bako na saksafoni ya soprano bila kumezwa.

Walifikianaje, mmoja Marekani na mwingine Brazili?

Kulikuwa na njia mbili zilizokutana.

Ya kwanza ni ya Herbie Hancock. Mwaka 1968 alikwenda Brazili kwa fungate, akasikilizishwa nyimbo za Milton na akazipenda papo hapo. (Safari hiyohiyo ilimgharimu kazi kwenye bendi ya Miles Davis: aliugua, akachelewa kurudi, na Davis akampa mpiga piano Chick Corea kiti chake.) Mwisho wa mwaka huo Milton alipokwenda Marekani kurekodi albamu yake Courage, Hancock alikuwa kwenye piano na Airto kwenye ala za kugonga. Kwa maneno mengine, watatu kati ya watu muhimu wa Native Dancer walikwisha kukaa studio moja karibu miaka sita kabla.

Ya pili ni ya nyumbani kwa Shorter. Mkewe, Ana Maria, alikuwa Mreno, hivyo maneno ya nyimbo za Milton kwake hayakuhitaji mkalimani, na alikuwa mpenzi mkubwa wa nyimbo hizo. Shorter hakuishia kumpenda Milton kwa sauti tu. Alikuwa na mtu wa kumwambia nyimbo zinasema nini.

Wabrazili wengine kwenye albamu ni akina nani?

Watatu, na bila wao jambo hili lingekwenda kombo. Wagner Tiso, kwenye ogani na piano, ni mtoto wa Três Pontas kama Milton, na walikuwa wakipiga pamoja tangu ujana. Kwenye ngoma yuko Roberto Silva, anayejulikana zaidi kama Robertinho, ambaye alikuwa akimpigia Milton nyumbani. Wa tatu ni Airto Moreira, aliyekuwa akiishi Marekani na aliyekwisha kupiga na Miles Davis, Weather Report na Return to Forever, bendi ya Chick Corea.

Zingatia maana ya uamuzi huo. Ngoma na ogani, vitu viwili vinavyoamua wimbo unapumua vipi, viliachiwa watu wa Milton. Wamarekani wakaja juu yake: Hancock kwenye piano, Dave McDaniel kwenye besi, Jay Graydon na David Amaro kwenye magitaa.

Hancock anafanya nini hasa?

Mengi, ila kimyakimya. Mwaka 1973 alikuwa ametoa Head Hunters, albamu ya fanki iliyouzwa kwa wingi, na ungetegemea aje na vinanda vyote vya umeme alivyokuwa navyo. Badala yake, mara nyingi anachagua piano ya kawaida na kupiga akordi chache zinazomwachia mwimbaji nafasi. Mahali anapotoka mbele ni Beauty and the Beast, ambako kile kifungu chake cha piano kinachojirudia ndicho kinachokamata wasikilizaji wa muziki wa dansi hata leo.

Mbona Shorter anapuliza kidogo kwenye albamu yake mwenyewe?

Swali hili huulizwa kama lawama, na lilikuwa likiulizwa hata kuhusu Weather Report, ambako mashabiki wake walilalamika kuwa Zawinul anamfunika. Kwenye Native Dancer, kwa masikio yangu, jibu ni tofauti kabisa: anapuliza kadiri wimbo unavyohitaji.

Sikiliza Tarde. Milton anaimba wimbo polepole, karibu kama anasali. Saksafoni ya tena (tenor) ya Shorter inaingia kwa noti chache ndefu, inasubiri, inaongeza nyingine, na kufikia mwisho inalia kwa nguvu ambayo huwezi kueleza ilianza wapi. Mpiga saksafoni mwingine angeichukua nafasi ile kuonyesha alichojifunza. Shorter anaendeleza hadithi ya mwimbaji pale alipoiachia. Katika Ponta de Areia na Lilia, soprano yake na falseto ya Milton hutembea kama watu wawili waliobeba mzigo mmoja kwa mti begani: mmoja akipunguza mwendo, mwingine anapunguza.

Anayetaka kumsikia Shorter akipuliza kwa wingi ana Blue Note zote za miaka ya 1960. Hapa kuna kitu ambacho hakikuwapo kule.

## Kuhusu nyimbo zenyewe

Ponta de Areia inahusu nini?

Inahusu reli iliyokufa. Ponta de Areia ni mahali karibu na Caravelas, pwani ya kusini mwa jimbo la Bahia. Hapo ndipo ilipoanzia reli ya Bahia-Minas, iliyopanda bara zaidi ya kilomita 500 hadi Araçuaí, kaskazini-mashariki mwa Minas Gerais. Kwa watu wa Minas wasio na bahari, reli ile ndiyo iliyokuwa njia ya kufika baharini. Ilifungwa mwaka 1966, wakati serikali ya kijeshi ilipokuwa ikiondoa njia za reli zilizoonekana hazileti faida na kuegemea barabara za magari.

Maneno ya wimbo yaliandikwa na Fernando Brant, rafiki wa Milton na mwandishi wa maneno ya nyimbo zake nyingi hadi alipofariki mwaka 2015. Brant hakuandika hotuba ya siasa. Anataja kituo cha mwisho, anamtaja mzee mwendesha treni na kofia yake, watu waliokuwa wakija kuipokea treni, na vijiji vilivyobaki bila kitu. Muziki wenyewe ni mwepesi kama wimbo wa watoto wakicheza, na huo wepesi ndio unaochoma: mtu anakuimbia mji uliokufa kwa sauti ya aliyeufahamu akiwa mtoto.

Nashauri usome maana yake mara moja kabla ya kuusikiliza. Kwa Mtanzania au Mkenya aliyeona kituo cha reli kilichoota majani, haihitajiki hatua kubwa kuuelewa.

Miracle of the Fishes ni wimbo wa dini?

Jina linakumbusha Injili, lakini uzito wake uko kwenye historia ya Brazili. Ni Milagre dos Peixes, tungo nyingine ya Milton na Brant, iliyotoka kwenye albamu ya Milton yenye jina hilohilo mwaka 1973. Brazili ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu 1964, na baada ya amri ya Desemba 1968 udhibiti ulikaza mno. Wakaguzi walipopitia maneno ya albamu ile, walikataza nyimbo kadhaa. Milton hakubadilisha maneno ili yapite. Alirekodi nyimbo hizo bila maneno, kwa miguno, vilio na sauti tupu, na msikilizaji wa Brazili akajua fika kwamba kuna kitu kimekatwa.

Mwaka mmoja baadaye ndipo akaenda Los Angeles. Katika Native Dancer kipande hiki ndicho kikali kuliko vyote: ngoma za Robertinho zinachemka, na Shorter anapuliza saksafoni ya tena kwa hasira ambayo haisikiki kwingine kwenye albamu.

Kwa nini mara nyingine Milton anaimba bila maneno?

Sababu moja ni hiyo ya jibu lililotangulia: alikwisha kugundua kwamba sauti isiyo na neno hubeba mengi. Lakini kuna ya zamani zaidi. Lilia, kipande kisicho na maneno kabisa, kilikuwamo tayari kwenye Clube da Esquina ya 1972, na udhibiti hauhusiki nacho. Kina jina la Lília, mama aliyemlea. Milton anaitumia sauti kama ala, na kwa mpiga soprano kama Shorter huo ulikuwa mwaliko wa wazi.

Ana Maria ni nani?

Ni mke wa Shorter, yule aliyetajwa kwenye swali la walivyofikiana. Kipande ni cha Shorter, hakina mwimbaji, na ni miongoni mwa melodia nzuri zaidi alizowahi kuandika: ndefu, isiyotaka kufika mwisho, soprano ikiizunguka kwa utulivu. Ana Maria alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege ya TWA 800 iliyoanguka karibu na New York. Wengi husikiliza kipande hiki leo wakiwa na habari hiyo moyoni, ila kiliandikwa kwa furaha, naye akiwapo.

Beauty and the Beast ina uhusiano na filamu ya Disney?

Hapana. Filamu ya katuni ilitoka 1991. Hiki ni cha Shorter, na jina linaelekea kwenye muundo wake: fanki nzito na kifungu kitamu chenye upole hupokezana ndani ya kipande kimoja.

Joanna's Theme je? Hiyo inasikika kama ya filamu.

Masikio yako hayajakudanganya. Hancock aliuandika kwa ajili ya Death Wish, filamu ya 1974 ambayo muziki wake ni wa kwake. Joanna ni mke wa mhusika mkuu. Kwenye Native Dancer umepigwa kwa ukimya mkubwa, soprano na vinanda, na kwa maoni yangu ulipata nyumba bora kuliko ya kwanza.

## Namna ya kusikiliza

Nianze na kipande kipi?

Kama unatoka kwenye soul na fanki, Beauty and the Beast. Kama unatoka kwenye jazi ya zamani, Ana Maria. Kama wewe ni mtu wa kwaya, Tarde. Wengine wote waanze pale albamu inapoanzia.

Siwezi kuhesabu mapigo ya Ponta de Areia. Tatizo ni langu?

Siyo lako. Melodia yake inakwenda kwa mapigo 9, na sikio lililozoea 4 au 8 hujikuta limebakiwa na pigo moja mkononi kila mzunguko. Usihesabu 9 kwa mkupuo. Hesabu 4 kisha 5, huku ukifuata pumzi ya mwimbaji, na utaona kwamba mistari inajigawa yenyewe. Katikati, bendi inapoingia kwenye mdundo wa kuchezeka na Shorter akapuliza, mapigo yanakuwa ya kawaida, kisha 9 zinarudi.

Kwa mpiga ala anayetaka kuujifunza: imba kwanza mpaka uweze kuutembea njiani bila kuhesabu, ndipo ushike ala. Wanaoanza na karatasi ya noti huupiga sawasawa na kuuacha mkavu.

Nitajuaje ni soprano au ni tena?

Soprano ni ndogo, sauti yake iko juu na mikononi mwa Shorter ina ukali mtamu unaokaribia filimbi. Ni hiyo iliyo kwenye Ponta de Areia, Ana Maria na Lilia. Tena ni nzito na ina mkwaruzo, na mahali pa kuisikia ni Tarde na Miracle of the Fishes.

Sijui Kireno. Nitapoteza kiasi gani?

Kidogo kwenye Lilia, kwa sababu iliyoelezwa juu. Zaidi kwenye Ponta de Areia na Miracle of the Fishes, ambako maneno ni ya mtu aliyeandika kwa uangalifu. Sisi tuliosikiliza rumba ya Kilingala miaka yote bila kuelewa neno tunajua kwamba muziki hautusubiri tujifunze lugha. Lakini maana zake zipo kwa anayezitafuta, na Brant anastahili usumbufu huo.

## Baada ya albamu, na maswali ya waliozama

Ilimgusa nani?

Maurice White wa bendi ya Earth, Wind & Fire aliisikiliza na kuipenda. Kwenye albamu yao All 'N All ya 1977 kuna kipande kifupi cha sauti tupu kilichotoka kwenye Ponta de Areia, na vijana wengi waliocheza disko enzi hizo waliimba melodia ya Milton bila kujua ni yake. Mwaka 2008 Esperanza Spalding, mpiga besi na mwimbaji kutoka Portland, alifungua albamu yake Esperanza kwa wimbo huohuo. Baadaye alifanya kazi kwa karibu na Shorter, hadi kwenye opera yao Iphigenia iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2021.

Kwa Milton mwenyewe, albamu ilimfungulia masikio ya Marekani kwa kiasi ambacho Courage haikuweza.

Ina tofauti gani na Light as a Feather ya Return to Forever?

Zote zina Airto, zote ni za nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, na wengi huzitaja pamoja. Ila Light as a Feather, iliyorekodiwa London mwaka 1972, ni muziki wa Chick Corea uliopata mwanga wa Brazili kupitia mwimbaji Mbrazili Flora Purim na Airto. Ina kasi, ina furaha, na ndani yake mna kipande kiitwacho Spain, kinachopigwa mpaka leo na kila anayejifunza jazi. Kwenye Native Dancer uzito umegeuka: tungo nyingi ni za Mbrazili. Anza na ya Corea kama unataka kuchangamka, rudi kwa hii usiku.

Kuna Afrika ndani yake?

Ipo, kwa njia ya Brazili. Minas Gerais ilichimbwa dhahabu na watu waliotekwa utumwani, sehemu kubwa wakitoka Kongo na Angola, na katika karne ya 19 wengine wengi walipakiwa kutoka pwani ya Msumbiji. Wajukuu wao bado wana sherehe za congado za Bikira Maria wa Rozari, zenye ngoma, wafalme na maandamano, ambazo Milton alizisikia tangu utotoni. Tuiseme kwa kipimo chake, lakini: hakuna taarabu wala ngoma ya Waswahili humu.

Ponta de Areia ipi ilitangulia, hii au ya albamu Minas?

Ya hapa ilirekodiwa Septemba 1974, na Minas ya Milton ilitoka 1975. Lakini mwimbaji Mbrazili Elis Regina naye aliuimba kwenye albamu yake ya 1974, hivyo Brazili haikuusikia kwa mara ya kwanza kutoka Los Angeles. Sikiliza zote tatu. Ya Elis ndiyo inayoyaweka maneno mbele zaidi.

Shorter na Milton walirekodi tena pamoja?

Ndiyo. Shorter na Hancock wako kwenye Milton, albamu ya 1976 iliyorekodiwa Marekani, na wako tena kwenye Angelus ya 1993. Milton aliaga majukwaa Novemba 2022 kwa onyesho la mwisho Belo Horizonte, na Shorter akafariki kabla miezi minne haijaisha. Mwaka 2024 ilitoka Milton + Esperanza, ambamo Milton na Spalding wanaimba When You Dream, tungo ya Shorter kutoka albamu yake Atlantis ya 1985.